Ndoo ya Nywele Zetu

Nestori,

Nianze na habari njema. Tangu uondoke, nywele zangu zimerudi kuwa nyeusi, kichwa kizima, na wajane wa hapa Makanyagio wananisalimia mara mbili mbili, kama vile ya kwanza sikuisikia.

Haya, ni uongo. Ni piko. Nilipaka kwa ajili ya harusi ya mjukuu wangu, na mwezi haukuisha nyeupe ikachomoza chini, nyeusi ikabaki juu, nikawa kama sufuria iliyopinduliwa. Binti yako Leokadia alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Baba mdogo, unywele haugeuki kuwa mweupe. Unatoka mweupe tangu ndani. Chini ya ngozi kuna chembe zinazoutia rangi, na zako zimestaafu." Zimestaafu, Nestori, bila hata kuniaga.

Nimetanguliza hilo kwa sababu linalofuata halichekeshi. Naandika polepole, unajua niliishia darasa la nne na lenyewe sikulimaliza vizuri.

Unazikumbuka Jumamosi zetu. Moja yako, moja yangu, uani kwako Litapunga, kigoda kile chenye mguu mmoja mfupi, kila mtu na wembe wake. Wewe unajisifu nywele zako laini, zina mawimbi, eti ndivyo zilivyo kwa watu waliotokea Burundi, na zangu ni pilipili za Kisukuma, kazi yake kuvunja vitana. Mimi nakujibu kichwa chako ni kiazi, ndiyo maana nywele zinateleza. Tukimaliza tunaziokota zote, tunazitia kwenye ile ndoo ya rangi yenye mfuniko, tunaifukia tena chini ya mpapai. Zako na zangu humo humo. Tulisema ni usafi. Neno lenyewe hatukulitaja, lakini huku kila mtu anajua kwa nini mtu mzima haachi nywele zake zitapakae ovyo, mtu mbaya asije akaziokota akazipeleka kwa mganga. Kumpa mwenzako kichwa chako, wembe, halafu na nywele zenyewe, si jambo dogo. Mimi sikumpa mwingine.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa yako. Upepo ukaja, kishungi kimoja cha kisogoni kikapeperuka, kikavuka ua. Nikainuka nusu. Ukanishika mkono ukasema, "Kaa, Msukuma. Acha na ndege naye ajengee." Nikakaa. Magoti yalikuwa yananiuma, huo ndio ukweli. Ningeweza kukifuata.

Kabla Jumamosi nyingine haijafika miguu yako ikavimba. Wiki ya nne tukakuzika.

Daktari alisema ni figo, sukari ilikuwa imezila siku nyingi. Lakini msibani daktari hana kiti. Nikiwa nyuma ya turubai nikasikia mtu anauliza, "Kwani nani alikuwa anamnyoa?" Mwingine akajibu, "Si yule Msukuma wake." Basi. Hukumu ilikuwa imeshatoka. Kesho yake mwanao Odasi, ambaye ameniita baba mdogo tangu anatambaa, akaja akasimama mbele yangu akasema, "Mzee, siku ya kunyoa msiba tutabaki ndugu peke yetu."

Mzee. Lile la nyuma ya turubai niliweza kulimeza. Hili lilinishinda.

Na kuna kibaya zaidi, nakwambia wewe tu. Nilirudi nyumbani nikajilaza mchana kweupe, viatu mguuni, nafikiria kile kishungi. Kimeangukia wapi. Nani kakiokota. Nikajiuliza kama kweli si mimi niliyekuua, kwa uvivu wa magoti.

Siku ya kunyoa nilikwenda bila kualikwa. Unanijua. Ndugu wamekaa kwenye mkeka, maji na sabuni viko tayari, Odasi ananitazama kama mbwa wa jirani. Nikasema mbele ya wote, "Chimbeni chini ya mpapai. Mkikuta nywele za baba yenu peke yake, nifanyeni mnavyotaka."

Wakachimba. Leokadia akatandika khanga, akaimwaga ndoo yote. Rundo kubwa, Nestori, kama kondoo aliyelala. Juu nyeupe, katikati kijivu, na chini kabisa, zimeshikana kama uzi wa godoro, zile za miaka tuliyokuwa bado weusi. Nilikuwa nimesahau kwamba tuliwahi kuwa weusi.

"Haya, tenga za baba," Leokadia akamwambia kaka yake.

Odasi akapiga magoti. Akaweka huku yenye wimbi, kule iliyojikunja. Mwanao wa kike anafundisha biolojia sekondari na hana huruma na mtu anayebahatisha. Akaja kwangu, akang'oa nywele mbili bila ruhusa, moja ya mbele, moja ya kisogoni, akaziweka kwenye kiganja cha Odasi. Ya mbele ina wimbi. Ya nyuma imejisokota kama springi ya kalamu. Kichwa kimoja. Akasema kila unywele una kitundu chake kwenye ngozi: kikiwa mviringo unatoka umenyooka, kikiwa bapa na kimepinda unatoka umejikunja, na mtu mmoja anaweza kuwa na vitundu vya kila namna. Kuhusu weusi, akasema rangi ni ile ile kwa Mrundi, kwa Msukuma, kwa Mhindi wa dukani, tunazidiana kiasi tu. Kumbe tulibishana miaka yote ile kuhusu vitundu.

Halafu akasema lile lililonitua mzigo. Unywele unaishi huko chini kwenye shina tu. Ukishatokeza nje umeshakufa tayari, ndiyo maana ukikatwa hauumi. "Baba aliugua figo," akasema. "Hakuna njia ya kutoka kwenye ndoo hii mpaka kwenye figo." Nikafikiria kile kishungi kilichovuka ua, kimekufa tangu zamani, hakina ubaya wowote, kinapepea tu.

Lakini wazee wenzangu niliwaona macho. Biolojia iliwapitia juu ya kofia. Ndipo mkeo akasogea, akalichota lile rundo kwa mikono miwili, akawaonyesha mmoja mmoja. "Nyie," akasema, "mchawi gani anachanganya na zake mwenyewe?"

Hilo wakalielewa.

Odasi hakuomba msamaha. Aliinuka, akaleta kigoda chako kibovu, akakikalia, akainamisha kichwa mbele yangu. Akasema, "Baba mdogo, anza na mimi." Kisogo ni chako kile kile. Kiazi kile kile. Nilimnyoa machozi yakidondokea kwenye povu, naye akajifanya hajui. Nikanyoa ndugu zako wote. Walipotaka kuninyoa mimi nikakataa. Nikawaambia zamu yangu ina mwenyewe.

Mpaka leo sijanyoa. Zinakua upana wa kidole kwa mwezi, na kwa kuwa zimejikunja hazionekani, mpaka Leokadia azivute ndipo anashangaa. Vijana wa saluni wananiita msanii. Nilimuuliza Leokadia kama ni kweli nywele za maiti zinaendelea kukua kaburini. Nilitaka iwe kweli. Nilitaka kukukuta una kichaka, nikucheke. Akasema hapana, ngozi ndiyo inayonywea, watu wakadhani ndevu zimerefuka. Kwa hiyo umebaki vile nilivyokuacha, msafi, na ni mimi peke yangu ninayeota.

Jumamosi bado nakwenda. Namnyoa Odasi, tunaziokota, tunafungua ndoo. Nakuahidi hakuna atakayezitenga zile, na siku yangu ikifika nimewaambia wazifukie zilipo. Kabla ya kuondoka huwa nachungulia ng'ambo ya ua. Kile kishungi sijakiona.

Pumzika, Mrundi wangu. Mkeo mzima, mpapai umezaa. Na nikifika huko usinipe mkono kwanza, wala usiniulize habari za njiani. Nikalishe kitako, ulikunje sikio la kushoto, lile uliloniparua mara ya mwisho, uninyoe. Jumamosi iliyofuata ilikuwa yangu.