Baiskeli ya Musyoka Kwenye Njia Mpya

Jumatatu jioni, mjini Salama

Na sikulia. Nilikuwa nimebeba hata kitambaa.

Leo nimeenda kazini na baiskeli ya Musyoka, kwa njia mpya ya baiskeli waliyotenga na barabara kuu kwa ukuta mfupi wa simiti. Tangu lori limuue mume wangu kwenye barabara hiyo hiyo mwaka jana, hakuna aliyeigusa baiskeli hii. Malori yalipita upande ule mwingine wa ukuta. Mimi niliangalia tu gurudumu la mbele.

Karibu na stendi, mama muuza nyanya alikuwa amepanga ndoo zake katikati ya njia. Nikashuka.

"Pole, ngoja nisongeshe," akasema. Kisha akaitambua baiskeli. "Ai, bibi ya Musyoka! Hii njia ingeletwa mapema..."

"Eeh," nikamjibu. Wote husema hivyo. Siku hizi naitikia tu, kama mtu anayeulizwa habari ya mvua.

Nilipofika nyumbani, binti yetu Mwende akaniuliza, "Mwaitu, mama yangu, hukuogopa?"

"Sikuogopa."

"Basi kesho unibebe mpaka shule."

Nimesema sawa. Chakula kimepoa mbele yangu, na kile kitambaa nimekitoa, nimekiweka kando ya daftari.