Kura ya Abram Hallenbeck

Bonde la Schoharie, New York
17 Novemba 1864

Kwa dada yangu Lavina,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Orrin na wale watundu wako watatu. Natumaini kikohozi cha mdogo kimeisha, na kwamba goti la shemeji limeacha kuvimba. Mwambie mimi mwenye mguu mbovu tangu nikanyagwe na farasi namhurumia kwa dhati, ila asizoee kukaa tu na kuletewa chakula kitini, asije akanogewa asitake kupona.

Ukiuliza hali zetu huku, kwa mwili tu wazima. Maua ya kutilia bia tuliyavuna yote kabla ya baridi, yamekaushwa na kufungwa, na nguzo zake nimezing'oa na kuzipanga, kazi ambayo mwaka juzi tulikuwa watu watatu na mwaka huu nimeifanya karibu peke yangu. Mama ana nguvu zake. Baba anakula kidogo, na hasemi nami. Leo ni siku ya tisa.

Huenda habari imeshakufikia kwa midomo ya watu, maana bonde hili halina siri, lakini walichokisikia wao ni nusu. Nakuomba usome barua hii ukiwa peke yako, na usirukie mwisho kama ulivyozoea.

Kwenu Pennsylvania askari wanapiga kura hukohuko kambini, sanduku likiwa juu ya ngoma au juu ya pipa, basi yamekwisha. Sisi tuna sheria yetu mpya, na kama kawaida ya wakubwa wetu wa Albany, jambo jepesi limegeuzwa zito. Askari anaikunja karatasi yake ya kura, anaitia ndani ya bahasha, anaifunga, anatia sahihi mbele ya ofisa wake, kisha anaituma nyumbani kwa mtu anayemwamini. Mtu huyo ndiye anayeipeleka mezani siku ya uchaguzi na kumpigia mwenzake. Bahasha ya ndugu yetu Abram ilifika tarehe ishirini na mbili Oktoba. Jina lililoandikwa juu halikuwa la Baba. Lilikuwa langu.

Baba aliligeuza lile jina mara tatu kama mtu aliyepewa pesa ya nchi nyingine. Kisha akauliza tangu lini mtoto anamruka baba yake kwa mambo ya wanaume. Barua ya Abram iliyokuja pamoja nayo ilieleza kila kitu wazi, na nilimsomea Baba yote isipokuwa mstari mmoja. Abram alisema anampigia Lincoln. Alisema siku moja mwanamke alifika kwenye mahandaki yao akitoka mashamba ya watumwa, watoto wawili mgongoni na mkononi, sufuria kichwani, akamuuliza Abram kama hapa ndipo penye uhuru. Abram akamjibu ndiyo, mama, ni hapa. Sasa, alisema, siwezi kutia kura ya kumwambia arudi alikotoka. Mstari niliouruka ulisema: "Mzee atawaka moto. Mtulize, lakini bahasha usimpe."

Na kweli aliwaka. Alisema ni mtoto gani huyu anayejiandikia kifo chake kwa mkono wake mwenyewe. Alisema Jenerali McClellan akimshinda Lincoln patakuwa na suluhu, na kufikia majira ya kupanda mahindi Abram atakuwa nyuma ya jembe lake. Lincoln akishinda, vita vitaendelea mpaka watoto wote wa bonde hili waishe. Lavina, usimhukumu. Hakuwa anazungumza siasa. Alikuwa anamtaka mwanawe. Na mimi mwenyewe nilikuwa upande wake, na bado niko. Kura yangu nilimpa Jenerali.

Aliidai bahasha kwanza kwa ukali, nikakataa. Akaidai kwa upole, nikakataa, na hiyo ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa unajua upole wa Baba hauonekani ila mara moja kwa miaka kumi. Akamtuma Mama. Mama alikuja zizini nikikamua, akasimama, akasema tu, "Jeremias, ukiiangusha ndani ya ndoo kwa bahati mbaya, nani atakulaumu?" Nikamjibu, "Abram." Akaondoka. Tangu siku ile niliivaa bahasha kifuani, ndani ya shati, nikilala nayo na kuamka nayo.

Siku ya uchaguzi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tulikwenda na Baba katika gari moja, bega kwa bega. Kura zilipigiwa ukumbini mwa nyumba ya wageni, na nusu ya wanaume wa bonde walikuwa humo wakijikausha. Walikuwa wamesoma magazetini kwamba kuna watu wamekamatwa kwa kughushi kura za askari, basi kila bahasha iliyotoka mfukoni ilitazamwa kama noti bandia.

Nilitia kura yangu. Kisha nikaingiza mkono ndani ya shati nikaitoa bahasha. Silvanus Becker, yule mwenye kinu, ambaye chama kilimweka hapo kupinga kura za wengine, alicheka akasema, "Haya jamani, kuku wa Hallenbeck anataga." Watu wakacheka. Halafu akaacha mzaha. Akasema anaipinga kura hiyo. Tutajuaje kama sahihi ni ya Abram? Tutajuaje kama Abram mwenyewe yu hai? Maana safari hii, alisema, hata makaburi yana chama.

Mzee Loucks, msimamizi, alinitazama juu ya miwani yake. Unamjua vizuri, hapendi fujo. Akasema basi kijana ataapa, na mambo yaishe. Akasukuma Biblia mbele yangu. Nilitakiwa kuapa kwamba sahihi ni ya ndugu yangu, kwamba ni mkazi wa hapa, na kwamba kwa kadiri nijuavyo yu hai.

Hapo ndipo Baba alipokuja mbele. Alivua kofia. Maji ya mvua yalikuwa yakimchuruzika shingoni, na mbele ya Becker na watu wote ambao hajawahi kuwaonyesha hata maumivu ya jino, alilia. Akanishika mkono wenye bahasha akasema, "Jeremias mwanangu, sijakuomba kitu tangu uzaliwe. Ukiitumbukiza hiyo unamzika ndugu yako. Niachie mwanangu arudi."

Nilitoa mkono wake juu ya wangu, kidole kimoja kimoja. Nikaweka kiganja juu ya Biblia, nikaapa yote matatu. Mzee Loucks akaikata bahasha kwa kisu chake cha mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa, hakuikunjua, akaitia sandukuni. Becker aliinua mabega. Nikatoka nje nikasimama na farasi mvuani.

Hapa kwetu Jenerali alishinda vizuri, kama siku zote. Lakini New York nzima, gazeti la juzi linasema, Lincoln amemshinda kwa kura elfu sita na mia kadhaa tu, katika watu zaidi ya laki saba. Baba alizisikia tetesi zake mapema, Jumatano asubuhi. Aliingia akanikuta mimi mkosaji nimekaa mezani nakunywa kahawa. Akasema, "Vita vinaendelea. Akifa, umemuua wewe." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Sasa kaa chini, dada yangu.

Abram amekufa. Alikufa tarehe ishirini na nane Oktoba, katika hospitali ya jeshi kule City Point, kwa homa iliyofuata jeraha la paja ambalo hakutuandikia habari zake. Barua ya kasisi wa kikosi ilifika posta Ijumaa tarehe nne, siku nne kabla ya uchaguzi. Niliisoma nikiwa nimeegemea ukuta, nikaisoma tena, nikaikunja nikaiweka kifuani pamoja na bahasha. Nilipofika nyumbani Mama aliuliza kama kuna kitu. Nikamwambia hakuna, magazeti tu.

Basi niliapa uongo, Lavina, mkono juu ya neno la Mungu, mbele ya majirani zangu. Becker alisema kweli kwa mzaha, na mimi nikasema uongo kwa kiapo. Baba alipokuwa akinililia nimwachie mwanawe arudi, nilikuwa namsikiliza nikijua kwamba mwanawe ana siku kumi na moja chini ya udongo wa Virginia. Sijui nilisimamaje.

Utauliza kwa nini, na kura yenyewe ya mtu nisiyemtaka. Kasisi aliandika kwamba Abram siku mbili za mwisho hakuuliza juu ya jeraha wala juu ya kifo. Aliuliza jambo moja, tena na tena, kila alipozinduka: kama Jeremias ameshaipeleka. Kasisi hakujua Jeremias ni nani wala nini kinapelekwa. Lakini alimwona anavyoteseka, akamwambia, "Ndiyo, mwanangu, ameshaipeleka." Abram akasema vema, akageukia ukutani akalala. Hakuamka. Ilikuwa bado siku kumi na moja uchaguzi ufike, na bahasha iko huku kifuani kwangu. Nisingeweza kumwacha kaburini na neno lile likiwa uongo. Afadhali uongo niubebe mimi ninayeishi.

Kura siijutii. Hata wakija kunikamata, sitaijutia. Ninachojutia ni siku hizi. Nilikuwa nimepanga kusema Jumatano asubuhi, mara tu uchaguzi utakapopita. Ndipo Baba akaingia na yale maneno yake. Ningeweza kujisafisha palepale kwa neno moja, kwamba hakuna aliyemuua Abram kwa kura, alikuwa amekwisha kufa. Ulimi ukakataa. Nitakuwa mkweli kwako: siku ya kwanza ilikuwa huruma, sikutaka kumpiga mzee na msiba kama mtu anayejibu kofi. Kuanzia siku ya pili ilikuwa woga tu. Leo ni siku ya kumi na tatu tangu nijue, na Mama bado ana watoto watatu.

Tena kuna hili. Wiki ijayo ni siku ya Shukrani, na kila nyumba inawatumia vijana wake sanduku. Mama amechoma kuku wawili na kuwatia mafuta wasiharibike. Ametia matufaha makavu, jamu, na soksi jozi nne, kwa kuwa Abram aliandika kwamba za kwanza zimemwishia. Jana aliniuliza kama miguu yake haijakua jeshini. Sanduku linaondoka kwa treni ya Jumamosi. Siwezi kuliacha lifike kituoni.

Nimekunakilia barua ya kasisi, iko humu ndani. Yenyewe lazima apewe Mama. Kama shemeji anaweza kukuruhusu na barabara zinapitika, njoo. Si kwa ajili yangu. Baba atahitaji mtu mmoja hapa nyumbani ambaye hajamdanganya.

Nisalimie watoto, umbusu mdogo kwa niaba yangu, na umwombe Orrin radhi kwa mzaha wangu wa pale juu; niliuandika kabla sijapata moyo wa kukuambia haya. Baba na Mama hawakusalimu, kwa kuwa hawajui kama nakuandikia.

Mama ananiita kutoka jikoni. Anasema sanduku limejaa, niende nikamshikie kifuniko apigilie misumari. Naenda sasa.

Ni mimi ndugu yako aliyebaki,
Jeremias