Nusu Yake ya Nepi

Nyumbani kwa akina Jeruto,
Cheptiret, karibu na Eldoret.
Ijumaa, 11 Agosti 1989

Mpendwa Tata Wamucii,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtoto wa ndugu yako, uliyemlea baada ya mama yake kuondoka duniani. Waendeleaje huko Birmingham? Mgongo umepoa, au bado hospitali inakupa zamu za kuwageuza wagonjwa wazito kukushinda? Na hilo jua lenu la mwezi wa nane, limefika, au bado unaenda kazini na sweta? Mimi ni mzima wa mwili. Mtoto naye, namshukuru Mungu, anaendelea kupona, na ni huko kupona kulikonifanya nikae chini nikuandikie.

Bahasha yako ya mwisho ilinifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya, na gundi haikuwa ya kwenu. Kwa hiyo naomba kumsalimu pia yule atakayeisoma barua hii kabla yako. Bwana, humu hamna siasa. Humu mna nepi. Soma kwa utulivu, kisha uipeleke barua ya wenyewe.

Tata, uliniuliza kama unitumie katoni ya nepi za karatasi, zile za kuvalishwa mara moja na kutupwa. Nilikujibu kwa ukali, nawe ukaniambia ninaandika kama mtu aliyesimama juu ya meza ya bwalo. Sababu zangu hazijabadilika. Takataka za mtaa wetu wa Huruma hazichukuliwi na mtu yeyote, na nepi ya karatasi ningeitupa leo, kesho ningeikuta kwenye mtaro ambamo watoto wa jirani huchezea. Kitambaa kinafumwa hapa hapa Eldoret, na nusu ya wapangaji wenzangu hula kwa kazi ya kukifuma. Zaidi ya hayo, nimechoka kuishi mahali ambapo kila kitu hutumiwa mara moja kisha hutupwa, wakiwemo wanafunzi. Nilichagua kitambaa kwa akili yangu timamu. Nilipokosea ni katika kuchagua mtu wa kukifua pamoja naye.

Mume wangu, Kiarie, unamjua kwa picha ya harusi tu. Laiti ungemsikia akihutubia! Alikuwa katibu wa umoja wetu wa wanafunzi hadi ulipopigwa marufuku, na alipotamka neno usawa, hata wapishi waliacha miiko yao wakaja mlangoni kusikiliza. Chuo kilipofungwa tukaamriwa kwenda makwetu na kuripoti kwa machifu, sisi wawili tulikodi chumba Huruma, na mtoto wetu akazaliwa humo. Ni wa kike. Kwa desturi yetu amepewa jina la mama wa baba yake, Warigia.

Siku rafiki zetu walipokuja kumwona mtoto, Kiarie alisimama na kikombe cha uji mkononi akatangaza mkataba wetu. Nepi zitafuliwa nusu kwa nusu, siku yangu na siku yake, ili chuo kikifunguliwa sote wawili turudi darasani na asiachwe mtu nyumbani. Akasema usawa usiofika kwenye karai ni kelele tupu. Jeruto, mwanafunzi mwenzangu ambaye nakaa kwao sasa, alipiga makofi hadi mtoto akaamka. Nami nililia, Tata. Nililia kwa furaha, kwa kuwa mwaka mmoja tu ndio uliobaki nipate shahada, na mbele yangu alikuwa amesimama mwanamume aliyeufungua mlango huo kwa mikono yake mwenyewe.

Ploti yetu ya vyumba vya kupanga ina bomba moja uani, na nyaya za kuanikia nguo zimepita juu yake. Hapo ndipo kila mtu huonana na kila mtu. Siku zangu nilifua hapo. Siku zake, Kiarie aliingiza karai chumbani, akafunga mlango, akafulia ndani. Nilipoanza kuzipeleka nepi uani kuzianika, alinizuia kwa upole. Alisema kwao nepi za mtoto haziwekwi nje, ndege asije akapita juu yake, na mama yake angeumia sana akisikia kwamba mtoto mwenye jina lake anatendewa hivyo.

Nilishangaa. Huyu ndiye aliyekuwa akiwacheka wenzetu kwa kuogopa bundi! Lakini nikajiambia kwamba mtu aweza kuwa mwanasayansi na bado akamheshimu mama yake, na mimi ni mke mgeni katika ukoo ule, sikutaka nianze kwa kuvunja. Basi tukafunga kamba mbili za katani chumbani, yake na yangu, juu ya jiko la makaa. Unaujua mwezi wa saba wa Eldoret. Mvua, ukungu, baridi. Nepi zilikaa hapo hazikauki, zikanuka moshi, zikawa ngumu kama gunia.

Mtoto akaanza kuungua. Kwanza wekundu, kisha vipele, kisha ngozi ikachubuka, akawa analia hata ukimpepea tu. Nilijilaumu mimi. Nilibadilisha sabuni, nikachemsha nepi zangu, nikapaka mafuta. Kuna asubuhi nilikaribia kukuandikia nikusihi unitumie hiyo katoni. Kiarie aliniona nikihangaika, akasema labda mtoto ana ngozi nyepesi.

Jumatatu iliyopita mama mkwe alikuja kutoka Turbo pamoja na kina mama wa kanisa lao, wamebeba kuni, ndizi na unga wa uji, kama inavyopasa. Alimpakata mjukuu, akamfungua, akaiona ngozi iliyochubuka. Kisha akainua macho akaziona zile kamba.

"Nani alisema nepi inakaushwa ndani ya nyumba kama nyama?" aliuliza. "Huyu mtoto ni mimi. Kwa hivyo mnaniunguza mimi matako, na bado niko hai naona?"

Mama mmoja mcheshi, Waithira, akaongeza, "Pengine huko chuo hawajafika somo la jua."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshtuka. Nikamwambia mama mkwe kwa adabu kwamba tulizianika ndani kwa ajili ya ndege, ili kuilinda desturi ya nyumba yake.

"Ndege gani?" akasema. "Mimi nimelea watoto saba na nepi iko nje tangu jua litoke. Jioni ndio unaondoa. Nani alikudanganya hivyo, msichana wangu?"

Tata, nilimtazama Kiarie. Sikumshitaki. Unajua kwetu mke hamuumbui mume mbele ya mama yake, na yeye alijua kwamba najua. Nilimpa tu nafasi. Nilimtazama kama mtu anavyomtazama mwenzake wakati mkutano umegeuka na anamngojea asimame. Kulikuwa na neno moja tu la kusema: mimi.

Yeye akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Nimekuwa nikimwambia, Mama," akasema. "Hasikii. Ni vitabu tu."

Nimepigwa virungu uwanjani, Tata, nimekaa mahabusu siku mbili bila blanketi, na nakuapia sijawahi kuumizwa namna ile. Hakunikana mbele ya askari wala hakimu. Alinikana mbele ya kina mama waliobeba ndizi, kwa ajili ya vipande vya kitambaa, huku hakuna aliyemtishia hata kwa kijiko.

Halikuishia hapo. Kina mama walishauriana, kwa huruma kabisa, siwalaumu. Wakaamua kwamba Jumapili hii mama mkwe arudi amchukue mtoto, nami nimfuate Turbo, niache masomo hadi mtoto atembee na apone uzembe wangu. Tangazo la kufunguliwa kwa chuo lilikuwa limesomwa redioni siku mbili kabla. Kiarie alilisikia nikiwa naye. Mama yake alipomuuliza anaonaje, akajibu, "Ni sawa, Mama. Mimi nitatangulia."

Atatangulia! Aliandika mkataba wa usawa kwa ulimi, akaufuta kwa ulimi ule ule, na nusu yake ya karai akailipia kwa mwaka wangu mzima.

Wageni walipoondoka, nilichukua nepi mbili kavu, moja kutoka kamba yangu na moja kutoka kamba yake, nikazitumbukiza katika maji safi mbele yake. Yangu ililala kimya. Yake ilitoa povu likajaa karai. Alikuwa hazisuuzi, Tata! Alifua kwa maji yale yale aliyoingia nayo, akakamua, akatundika na sabuni yake, kwa kuwa maji ya kusuuza yalihitaji arudi bombani na karai la nepi mikononi, wapangaji wakimwona. Na uongo wa ndege ulikuwa wa namna hiyo hiyo: nepi zikionekana kwenye waya siku ambayo mimi sikwenda bombani, wapangaji wangejua nani amezifua. Mwanangu aliungua kwa sabuni ili baba yake asionekane.

"Ulitaka watu waseme nini?" aliniuliza. "Mimi ni kiongozi, Mwihaki. Nikisimama pale nasuuza mavi, kesho nani atanisikiliza?"

"Si ulisema mbele ya watu wote kwamba usawa usiofika kwenye karai ni kelele?"

"Hiyo ilikuwa hotuba."

Nilikaa na jibu hilo usiku kucha. Hotuba! Basi na zile nyingine, ambazo kwa ajili yake vijana walivunjwa meno, zilikuwa nini? Mtu anayeogopa kuonekana na nepi mkononi atasimama vipi siku itakapokuwa hatari kuonekana na bango? Nilimfuata mtu huyu mbele ya virungu. Nilidhani nilikuwa nyuma ya ukuta. Kumbe nilikuwa nyuma ya pazia. (Wewe unayesoma kabla ya Tata, tulia. Bado ni mambo ya nepi.)

Jana asubuhi, Jeruto alinisaidia kufunga mizigo. Mama yake ametupa chumba hapa Cheptiret, ng'ambo ya barabara kuu, na atakaa na mtoto saa za masomo. Nikienda darasani nitamwachia maziwa, nikirudi nitafua. Masomo yanaanza Jumatatu, nami nitakuwepo. Sikumtukana Kiarie wala sikumwandikia. Nilizigawa nepi nusu kwa nusu, kama alivyotaka yeye mwenyewe siku ya uji. Nusu yangu nimekuja nayo. Nusu yake niliiacha bila kufuliwa, ndani ya ndoo nyeupe isiyo na kifuniko, chini ya bomba, katikati ya ua. Nikawaambia wapangaji wenzangu kwa sauti ya kawaida, "Msiziguse tafadhali. Hizo ni za Baba Warigia." Wakaitikia kwa pamoja kwamba hawatazigusa.

Nusu hazitoshi, sikufichi. Mvua ikinyesha mfululizo nitapata shida. Lakini jana na leo jua limewaka, nimezianika nje kwenye ua wa akina Jeruto tangu asubuhi, na ngozi ya mtoto imeanza kufunga. Amelala saa tatu bila kulia. Kwa hiyo usitume katoni, Tata. Kitambaa hakikuwa na kosa lolote.

Mama mkwe hajui kwamba tumehama. Keshokutwa atashuka kutoka Turbo na kina mama wake kuja kumchukua mtoto, na ili afike mlangoni kwetu lazima apite penye bomba. Atazikuta nepi. Ama zitakuwa zimesuuzwa zinapepea juani mbele ya ploti nzima, ama zitakuwa bado ndani ya ndoo, na wapangaji watamwambia ni za nani. Desturi inanikataza kumuumbua mume wangu mbele ya mama yake, nami nimeitii. Sijasema neno.

Nisalimie Mjomba Kinyanjui na watoto, na umwambie Mburu mdogo kwamba stempu zake nimezikusanya. Jeruto na mama yake wanakusalimu sana. Kiarie hakunituma salamu, nami sikumwomba.

Mungu aulinde mgongo wako na akurudishe kwetu ukiwa na nguvu za kumbeba mtoto huyu kabla hajawa mzito.

Ni mimi, mwanao ninayekupenda hata ninapokubishia,
Mwihaki