Betri Kwenye Leso ya Mama

Jumanne, baada ya chakula

Kumbe laptopu haikuwa mgonjwa hata kidogo!

Tangu wiki iliyopita nimeitukana. Waya ukichomolewa tu ukutani, inazima papo hapo, na mtihani ninaowachapia wanafunzi unapotea. Nikaazima chaja ya mwalimu mwenzangu, wapi! Na Mama, tangu aje kunitembelea kutoka Asembo Bay, akisikia ngurumo huko ziwani anakimbia kuchomoa kila kitu: friji, redio, laptopu yangu. Jana nilimnunia hadi tukalala.

Leo jioni nikaigeuza niangalie betri. Hakuna betri, ni pengo tupu.

"Mama, nani amefungua hii?"

"Ni mimi," akasema, huku akichambua mboga. "Ilikuwa na vitu viwili huko chini, nikasukuma ikatoka." Akaniletea betri ikiwa imefungwa vizuri ndani ya leso yake.

Nikaanza kumweleza kwamba mashine ikishachomolewa, radi haiwezi kuiharibu. Akanikatiza.

"Nani ameongea ya mashine, nyathina, mwanangu? Hiyo kitu iko na moto ndani, na wewe unaiwekanga kwa mapaja. Radi ikifuata huo moto, itapata nani?"



Betri nimeirudisha na mtihani nimeumaliza. Sasa hivi kumenguruma tena, Mama amechomoa waya, na laptopu bado inawaka. Safari hii nimeiweka mezani. Ameitazama kidogo, kisha akavuta kiti changu nyuma, nami nikiwa nimekikalia.