Mkono Wako wa Kushoto

Baba Rukia,

Gari limepona. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya hali yangu. Gea imekazwa. Ule mkono wake pale kwenye usukani hauning'inii tena kama kuti lililovunjika shingo. Nimeukaza mwenyewe, kwa spana, Fundi Kazungu akiwa amesimama kando mikono nyuma. Sasa keti, kama huko mnaketi, nikueleze kwa nini nina hasira nawe.

Eda tulimaliza siku moja, mimi na Zena. Mirathi ikagawanywa barazani. Wake fungu moja katika manane, nalo tulikate kati: moja ya kumi na sita mimi, moja ya kumi na sita yeye. Sheria ya Mungu siipingi. Ila kichwa changu unakijua, kikianza hesabu hakinyamazi. Miaka yangu kumi na tisa na minne yake imetoka sawasawa. Nikameza. Pikapu nikaitaka mimi, nikawalipa wenzangu mafungu yao kwa pesa zangu za makuti, na Zena akakataa kupokea hata senti. "Chukua, Dada, gari ni lako." Nikasema moyoni, kumbe mtoto huyu ana uungwana. Nikamwombea dua, wallahi, nikamwombea.

Lakini wacha nirudi nyuma kidogo, maana kidonda kilianza ukiwa hai.

Mwaka wako wa mwisho uliacha kunichukua safari zako za Jumatano za Vitengeni. "Joto, Mama Rukia. Pumzika." Mimi? Mimi niliyeanza kwa kushona makuti ya watu, kwenye ua wa watu, niliyezunguka mahoteli kwa miguu yangu nikiambiwa nipitie mlango wa jikoni, leo unaniambia nipumzike? Halafu Jumatano nasikia injini inawaka, nachungulia dirishani, namwona Zena ndani. Na angekaa mlangoni ningestahimili. Alikaa katikati, kakugandama wewe, na upande wa dirisha pamebaki nafasi ya kumtosha mtu mnene na kapu lake. Kila Jumatano niliipima nafasi ile kwa macho. Nikajiambia, ndivyo, bibi harusi hasogei mbali. Nikarudi jikoni nikapasua nazi kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitaji.

Hukunieleza neno. Na sasa sikiliza nilivyokuja kujua.

Mwezi uliopita nilikuwa na mzigo wa makuti wa hoteli moja Kikambala. Mdogo wako Omari akajitolea kuendesha. Zena akaomba twende naye tumshushe njia ya Takaungu, amwone mamake. Tulipofungua mlango akawahi kupanda, akaenda akakaa katikati, bega kwa bega na shemeji yake. Nikasema huyu hana haya. Nikakaa dirishani.

Toka Matsangoni Omari alikuwa akiitukana gea. Aliusukuma ule mkono inchi tatu nzima kabla haujashika kitu, na ukishika, hujui umeshika nini. Tukafika Kilifi, tukaingia feri, tukavuka salama. Taabu ikaja pale pa kutoka, pale penye mwinuko. Omari anatafuta gea ya kwanza, haipo. Anavuta, anasukuma, chuma kinalia chini kama mbuzi. Nyuma yetu basi linapiga honi. Kijana wa feri akaja akagonga boneti: "Mzee, hilo gari au kitanda? Litoe! Hapa si gereji!" Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Mwacheni, anakamua ng'ombe!" Omari jasho likimtoka, akasema, "Gari la marehemu hili, limekufa naye."

Ndipo Zena akasema taratibu, "Shemeji, toa mkono. We kanyaga klachi tu, mpaka chini."

Akaunyosha mkono wake wa kulia akaishika gea. Hakuitazama, Baba Rukia. Macho yake yalikuwa mbele, barabarani. Akaivuta kwake, akainyanyua kidogo, akaishusha. Ikaingia kama kijiko kwenye uji. "Achia." Gari likapanda. Tulipofika juu, "Klachi," akasema, na ya pili ikaingia. Ya tatu pia. Omari anakanyaga, Zena anabadilisha, mpaka njia ya Takaungu, nami nimekumbatia kapu langu dirishani kama abiria wa kulipa.

Mkono ule ulikuwa umezoea. Mkono haujui kusema uongo. Nikakokotoa zile Jumatano zote, nikaona hasara yake.

Zena aliposhuka, Omari akakohoa akaanza: "Shemeji, na wewe gari utalifanyia nini? Niachie mimi. Kila Ijumaa nitakuletea chako." Nazijua Ijumaa za Omari. Zitakuja mbili, ya tatu gari litakuwa na homa, ya nne mtoto wake. Lakini nimjibu nini? Gari ninalo, na dereva sina, na mahoteli hayangojei. Nikimpa Omari usukani, mwaka hautakwisha nitakuwa nimerudi kwenye ua wa watu, nashona. Nikamwambia nitafikiri.

Kesho yake nikampelekea Kazungu gari, pale nyuma ya soko. Nikamwambia kaza hii takataka, niuchome moto ujuzi wa Zena. Yaani nilitaka ikae sawa kiasi kwamba hata mtoto wa chuoni aweze kuibadilisha, ili isibakie siri ya mtu. Ndiyo, ni wivu. Nauandika kwa jina lake.

Kazungu akafungua bati la chini ya usukani, akachungulia, akatoka, akachungulia tena. "Mama Rukia, hebu njoo uone mwenyewe. Hii kuna mtu kailegeza." Nati ya shingo ya gea ilikuwa imerudishwa nyuma, washa moja, kile kipete cha bati, imetolewa, na nati ikafungwa hapo hapo kwa waya ili isikaze wala isianguke. Waya wenyewe umesokotwa ovyo ovyo. Nikasema basi si mume wangu, yeye akifunga waya hata panya hapitishi ukucha. "Nikaze?" akauliza. Nikamwambia ngoja.

Nilimngoja Zena mpaka aliporudi kutoka kwa mamake. Hata buibui hajavua nikamuuliza nani ameilegeza gea. Akaketi kwenye mkeka. Akaanza kulia kabla hajajibu, nami sikumbembeleza.

"Ni mkono, Dada," akasema. "Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukifa ganzi."

Akanieleza yote. Ulisema gea imekuwa nzito. Haikuwa nzito. Ukailegeza mwenyewe, kwa mkono mmoja, Zena akikushikia nati, ndiyo maana waya ule ulikuwa vile. Ikakufaa miezi kadhaa, kisha mkono ukakataa hata gea nyepesi, na gea yenyewe kwa kulegea ikaanza kukwama. Ndipo ukamweka katikati. Wewe ukakanyaga, yeye akabadilisha. Ile nafasi ya dirishani niliyoipima kila Jumatano ilikuwa tupu kwa sababu kutoka kule gea haifikiki.

Mkono wa kushoto! Ungekuwa wa kulia ningejua siku ya kwanza, kwenye sahani. Lakini huo hauli, hausalimu, haupokei kitu cha mtu. Umekaa nao mfu katika nyumba yangu mwaka mzima, mbele ya macho yangu haya yanayoona kuti bovu chini ya makuti mia, na sikuuona. Mahali pamoja tu ungekuumbua, pale kwenye gea. Na pale ukaniondoa.

Nikamuuliza Zena, "Na mimi je? Kwa nini hakuniambia mimi?" Akatazama mkeka. Nikamwambia sema. Akasema, "Alisema, Mama Rukia akijua ataanza hesabu."

Baba Rukia.

Ndiyo, ningeanza hesabu. Ningehesabu nauli ya kwenda hospitali kubwa Mombasa, na dawa, na mshahara wa dereva. Usukani ningekunyang'anya siku ile ile, ungenuna hata mwezi, na pengine leo ungekuwa hapo barazani unanuna bado. Hesabu zangu ndizo zilizokulisha. Ulizipenda zikiwa za makuti, ukaziogopa zilipofika mwilini mwako. Ukaanguka pale kwenye birika la msikiti na watu wakaniambia ni ghafla. Kumbe si ghafla. Kuna mtu alikuwa akijua, na mtu huyo hakuwa mimi.

Kama ungempenda tu kwa ule ujana wake ningejua la kufanya. Wanawake wengi wamepitia, dawa yake inajulikana: unapika, unanyamaza, unazeeka. Hili sijui dawa yake. Mimi ulinionyesha nguvu zako miaka kumi na tisa, udhaifu wako ukaenda kumpa yeye. Namwonea wivu kwa mkono mgonjwa, unasikia? Namwonea wivu kwa ganzi.

Nilirudi kwa Kazungu. Akachukua spana, nikamwambia nipe mimi. Nikaukata ule waya wako, nikaweka washa mpya, nikakaza mpaka kifundo kikaniuma. Nilifikiri kidogo kwamba pengine niiache vile ulivyoiacha. Nilifikiri kwa muda wa kufuta jasho. Gari ni la kazi. Likikwama feri na mzigo, nani atakayenihurumia?

Omari nimemjibu hapana. Akasema, "Utaendesha wewe, shemeji?" akacheka. Nikamwambia ndiyo, nawe nunua tikiti uje utazame.

Kazungu amenifundisha klachi na breki, na karatasi ya mwanafunzi wa udereva nimekata. Mguu umeelewa. Kilichobaki ni gea. Nikifikiria mguu nasahau mkono, nikifikiria mkono gari linaruka kama chura. Wiki mbili nilikaidi. Ya tatu nikaenda kubisha mlango wa Zena, nikamwambia, "Jumatano nakwenda Vitengeni. Utakaa katikati." Sikusema tafadhali. Akavaa viatu.

Kazungu hukaa nyuma, hugonga paa kila nikikosea. Mimi nakanyaga, Zena anabadilisha. Siku ya kwanza alilalamika, "Dada, umeikaza mno, inaniuma kiganja." Nikamwambia ndivyo ilivyotakiwa kuwa siku zote. Tena nilifurahi, usidhani sikufurahi.

Lakini ana namna yake ya kuniongoza. Injini ikipandisha sauti husema, "Bado… bado… haya." Hiyo "haya," kwa kuivuta mwishoni vile, si ya watu wa Takaungu. Ni ya visiwani kwenu. Mara ya kwanza nilipoisikia ikitoka mdomoni mwake gari lilizima katikati ya barabara. Nikasingizia mguu.

Basi nakuacha upumzike, mimi kazi inaningoja. Mungu akupe nafasi, nawe huko mwoneshe mkono wako bila kuuficha. Nami nakuahidi haya. Gari litakwenda. Zena hatakosa chakula wala heshima nikiwa hai. Na sitamuuliza mlikuwa mkizungumza nini, Jumatano zile zote, kutoka Vitengeni mpaka nyumbani. Nataka kumuuliza. Kila tukipita mahali fulani naona amefungua mdomo, anataka kuniambia mwenyewe, na nafsi yangu yote inageuka kumsikiliza. Nitamwambia, Zena, tazama barabara.

Mimi mkeo wa kwanza,

Mama Rukia