Nilivaa Mashine kwa Jina Lako

Masisi, siku ya soko

Mudogo wangu Kibira,

Nakusalimia weye kwanza, kisha muguu wako wa kuume, kisha wa kushoto, usiseme nimebagua. Unalala vizuri? Furaha, bibi yako wa ndoa, anakupikia bado sombe ya majani ya muhogo, ao amechoka na kelele yako? Hapa kwa binti yangu tuko wazima. Maziwa iko mingi mpaka hili tumbo langu la pori, lisilozoea maziwa, linanguruma kama redio mbovu.

Habari kubwa: kaka yako sasa anatembea kwa umeme! Nimevaa miguu ya chuma, na juzi nilipanda mulima wa misheni nikapita pikipiki. Mwenye pikipiki akapiga kelele: "Papa, polepole, utaua bantu!"

Uongo. Pikipiki ilikuwa imesimama, inazibwa tundu la pneu, mupira wa nyuma. Nakuandikia nimekaa, goti limevimba kama papai, na mashine imekwisha kurudi kwao Ulaya. Nimetanguliza uongo mudogo kwa sababu nyuma yake iko mukubwa.

Unakumbuka ile karatasi ya dispanseri uliyonitumia, ya kusema namna shimo la kuchimba zahabu la Omate lilikuangukia mugongo, na kwamba unasimama tu ukishika ukuta? Ulinituma nikuandikishe kwa masista wa misheni, pale wanafundishaka viungo vya wagonjwa kutembea tena. Kompani moja ya Ulaya ilikuwa imeleta mashine ya kuvaa: mukanda kiunoni, vyuma pembeni ya mapaja, vimotere kwenye nyonga na magoti, betri mugongoni inayokula jua. Ile kompani inatengenezaka pia za wafanyakazi wa kunyanyua masanduku kwao. Lakini hapa walitaka kujua kama ya wagonjwa itaweza milima na matope yetu. Nafasi ilikuwa imebaki moja.

Nilifika na goti langu hili la zamani. Nikakuta wamemuvalisha mama mumoja wa Rubaya aliyepooza upande. Akasimama. Akatembea hatua sita, akaanza kuimba. Kibira, wivu ulinishika kama homa. Mama Sifa, mwenye kufundisha viungo, akasoma karatasi yako, akauliza:

— Kibira njo nani?

— Njo miye, nikasema.

Neno lilitoka mbio kuliko akili, kisha nikaogopa kulirudisha. Weye ukaniuliza kwa simu ya jirani: "Kaka, wale wa mashine wamefika?" Nikakujibu barabara imekatika. Barabara ilikuwa nzima.

Siku ya kupima, wakanibandika vidude vya kusoma mwendo. Injenia wao, mama wa mvi, akasema, Mama Sifa akanitafsiria:

— Papa Kibira, tembea kati ya hizi fito mbili kama mwili wako ulivyozoea. Mashine inajifunza kwako.

Unanijua. Nikataka waone mubebaji wa magunia wa Omate alikuwaka muntu gani. Nikainamisha kichwa kama kamba ya muzigo iko kwenye paji la uso, magoti nimeyakunja nusu, hatua fupi-fupi za utelezi. Injenia akatazama ordinateri yake, ile kompyuta, akafurahi. Kumbe mashine imeamini niko na gunia mugongoni! Kesho yake wakaiwasha. Ikanikunja, ikanisukuma mbele, na gunia la kunivuta nyuma halikuwepo. Nikaingiza kichwa kwenye ndoo ya maziwa ya masista.

— Papa Kibira, unatafuta nini pale ndani? akauliza mama wa Rubaya.

— Natafuta meno.

Wakacheka wote, miye pia. Lakini kila wakiniita Kibira, ilikuwa kama umekaa pale mulangoni, unanitazama.

Walitaka kunipima upya, goti likakataa, na siku zao zikaisha. Wakafunga masanduku. Jina lako njo liko kwenye ordinateri yao: Kibira, alianguka.

Walipokwenda, nikamwambia Mama Sifa ukweli. Hakunitukana; angenitukana, ingekuwa afazali. Alisema tu: "Yeye njo walikuwa wanamutafuta, Papa. Muntu wa kusimama kwa ukuta." Amewaandikia. Hawajajibu, na sitakudanganya tena kwamba watarudi. Amenichorea mazoezi yako, iko ndani ya hii bahasha: asubuhi ushike ukuta, usimame, uhesabu mpaka kumi, ukae. Kisha tena. Anasema haifiki ile ya mashine, lakini miguu inayokaa tu inasahau.

Nilikula nafasi yako, mudogo wangu. Unisamehe ao usinisamehe, lakini ile ya ukuta uifanye.

Musalimie Furaha, umwambie asinipikie kitu nikija, anipige kwanza. Musalimie dada yetu Anyesi mwenye mashamba ya muhogo ng'ambo ya muto, na bwana yake katekista aniombee, yeye anajua dhambi zangu kwa orodha.

Kisha iko kitu kimoja ninachokudai. Siku ile nilikubeba mugongoni toka shimoni mpaka dispanseri, ukinililia sikioni, uliniahidi fimbo ya kutembelea. Nikakucheka, nikasema sijazeeka. Sasa nimezeeka. Ule muti mugumu uko nyuma ya nyumba yako, pale ukuta unapoishia. Usimutume muntu. Hiyo fimbo uikate weye mwenyewe, ukiwa umesimama.

Kaka yako mukubwa,
Bulenda (siyo Kibira)