Filamu Uliyoiona Jabe

Seoul, Jumapili jioni

Kaka yangu mpendwa Déo,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Watoto wamerudi shule? Mi niko mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti. Unasema umeona filamu kwenye banda la video pale mtaani Jabe, na kwamba hawa Wakorea waliotoka China ni wauaji. "Dada, toka kwa huyo mama leo hii, apana kungoja!" Sikukukasirikia. Lakini kaka, ule mgahawa wa kwenye filamu, wanamomchinja yule polisi, ni wetu. Ile meza naifuta mimi kila asubuhi.

Bosi wangu, Mama Sunhi, alizaliwa China. Babu na bibi yake walikimbilia huko kwa ajili ya njaa. Yeye akarudi nchi ya wazee wake, akafungua mgahawa wa mishikaki ya kondoo. Mwaka jana akaja muongozaji wa filamu, akala, akasifu. "Mama, nataka watu waone jinsi mnavyoishi," akamwambia. Mama Sunhi akafurahi kama mtu aliyeletewa posa. Akawaachia mgahawa, akawapikia, tena akamfundisha mwigizaji mkuu lafudhi ya kwao, kwa maneno ambayo bibi yake alikuwa akimbembelezea yeye Mama Sunhi utotoni.

Filamu ilipotoka, alitupeleka sinema, mi na binti yake Sunhi. Alivaa koti jipya. Mle gizani tukamsikia yule mwigizaji akisema maneno ya bibi, kwa upole kabisa, huku anamkata mtu koo. Waliokaa nyuma yetu wakaicheka lafudhi. Mama Sunhi akatushika mikono. "Tukae mpaka mwisho," akasema. "Jina langu litatokea."

Majina yakapita yote. Lake halikuwemo.

Tangu hapo wateja wanavuka barabara wakituona. Mwenye nyumba amekataa kutuongezea mkataba. Na juzi ndani ya basi, Sunhi akamnong'oneza mama yake, "Mama, usiongee kwa sauti, watatujua." Hapo ndipo Mama Sunhi alipolia.

Sasa na wewe unaniambia nimkimbie. Kaka, nilipougua mapafu, huyu ndiye aliyelala sakafuni hospitalini kando ya kitanda changu. Simwachi. Tunahamia mji mdogo wa bandari, tutaanza upya sote watatu. Imeniuma kwamba hukuniuliza kwanza ninaishi na mtu wa namna gani. Ulimuuliza mtu wa video.

Mwambie Mama asiwe na wasiwasi. Nisalimie wifi, baba mdogo seremala wa Cibitoke, na shangazi anayeuza samaki wa ndagala sokoni.

Mama Sunhi amesimama hapa mlangoni, ananiuliza naandikia nani. Nimemjibu, kaka yangu. Anakusalimu sana, na anauliza kama unakula nyama ya kondoo.

Ni mimi mdogo wako,
Générose